Nimeharibu marinda ya kilti ya bendi na mashindano ni Jumamosi. Mafundi njooni

MtotoWaMakorora
Wakuu, heshima mbele. Wenye mawazo yenu kuhusu neno "marinda" piteni kimya kimya, leo nina shida ya kweli.

Mimi ni mtu wa Tanga ila mwaka wa tatu huu nipo Dundee, Uskoti. Kazini kuna mzee mmoja aliniona nagonga meza kwa vidole wakati wa chai, akanivuta kwenye bendi yao ya begipaipu, zile zumari za mfuko. Sasa napiga ngoma kubwa, ile ya kubeba kifuani. Bendi inakupa mavazi yote. Kilti, ile sketi ya kiume ya Kiskoti, ni mali yao, wewe umepewa amana tu, msimu ukiisha unairudisha.

Jumapili tulipiga kwenye tamasha la kijiji, mvua ikatushukia bila huruma. Nimefika nyumbani kilti imelowa chapachapa, nikaitandaza juu ya hita kama taulo. Asubuhi imekauka, lakini marinda ya nyuma yamechanua kama mwavuli. Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Nikachukua pasi. Nimepiga rinda moja moja kwa kukadiria kwa macho, pasi kavu, moto wa pamba, naburuta kama nanyoosha shati la ofisini. Matokeo: kila rinda sasa lina mistari miwili, wa zamani na wa kwangu, umbali wa upana wa kidole. Na pale makalioni kuna eneo linang'aa kama suruali ya kondakta.

Kwa asiyeijua: ni kama mita 7 za sufu nzito ya drafti, mbele bapa, nyuma yote marinda. Hii yangu nimehesabu, ni 27. Draiklina ya hapa mtaani wameniambia nirudi baada ya siku sita. Leo Jumatatu. Kiongozi wetu wa zumari, yaani mkuu wa wapiga begipaipu, hana utani na mtu ambaye mavazi yake yamepinda.

Nisaidieni jamani.

Kobe_Mpole
Nimekaa paleee na kahawa yangu. Mwanaume wa Tanga analilia sketi.

MtotoWaMakorora
Mkuu Kobe, na ule msuli unaojifunga jioni ukikaa barazani tuuiteje? Cheka Jumapili, leo nisaidie.

Mwanahistoria wa Mtaa
Kobe, hiyo "sketi" Bunge la London liliipiga marufuku kwa sheria ya 1746, baada ya watu wa milimani wa Uskoti kushindwa vita vya Culloden mwezi wa nne mwaka huo huo. Ilikaa marufuku mpaka 1782. Ukiona serikali inatunga sheria kuzuia nguo, ujue hiyo nguo ina wenyewe.

MzeeWaKirumba
Idi Amin si alijiita Mfalme wa Uskoti na kilti akavaa? Angekuwepo angekutumia fundi kwa ndege. Pole sana kijana.

FundiCharahani
Mtoa mada, tulia. Mimi nashona sare za shule hapa Dar mwaka wa 19, sketi za marinda zimepita mikononi mwangu mpaka nazishona nikiwa nasinzia. Fanya hivi: chukua kipande cha sabuni ya mche kikavu, pitisha kwa ndani kwenye kila mkunjo, nyunyiza maji, kandamiza pasi ya moto sana. Kisha ilaze chini ya godoro usiku mmoja. Asubuhi marinda yamesimama kama panga.

Nesi_Kisumu
Chini ya godoro! Fundi umenirudisha bweni. Jumapili usiku ulikuwa unalala umenyooka kama maiti, ukijigeuza tu Jumatatu sketi ina sura yako. Na pasi ya mkaa ilikuwa moja kwa bweni zima, foleni yake ilianza kabla ya chakula.

BiShangazi_Leith
Kijana wa Makorora, weka pasi chini. Usiiguse tena mpaka umalize kusoma hapa. Na hiyo sabuni usiikaribie, nitakuja kwake Fundi baadaye.

Mimi ni wa Mombasa, Kibokoni, na mwaka wa kumi na moja huu nafanya kazi kwenye karakana ya kilti hapa Edinburgh. Tunakodisha, tunakarabati. Kila Jumatatu zinarudi zile za harusi za mwisho wa wiki: zimekaliwa vibaya, zimemwagiwa pombe, nyingine zimesokomezwa kwenye mfuko wa plastiki zingali na unyevu. Kwa hivyo hiyo yako si maiti, ni mgonjwa tu.

Kosa lako kubwa si moto wa pasi. Ni kupiga pasi bila kupiga bandi, yaani kuyashikiza marinda kwa mshono wa muda. Pasi haijui rinda linapita wapi, yenyewe inafunga chochote ilichokikuta. Sisi hapa kilti ikija imechanua hivyo, masaa mawili yanakwenda kwenye sindano na uzi, pasi haifiki saa. Wanaoharibu wote hufanya kinyume chake.

Elewa kwanza kwa nini mvua imeifungua. Sufu ni nywele. Dada zetu wanalijua hili: unazipiga nywele kitana cha moto zinanyooka, tone la mvua likizigusa zinarudi zilikotoka. Ndani ya kila unywele mna vifungo vidogo sana ambavyo maji na joto huvilegeza, na unywele ukipoa na kukauka vinashikana upya, kwa umbo lolote ulilokuwa nalo dakika hiyo. Ya kwako ilikauka juu ya hita ikiwa imechanua, basi ikashika kuchanua. Dawa ni njia ile ile: unailegeza kwa maji na joto, unaishika kwa uzi, unaiacha ipoe ikiwa imeshikwa.

Niambie mambo matatu kabla hatujaendelea. Lebo inasema sufu tupu au mchanganyiko? Ukingo wa chini umepindwa na kushonwa, au ni ukingo wenyewe wa kitambaa? Na ukiitazama nyuma, kila rinda lina mstari ule ule wa rangi katikati, au marinda yote kwa pamoja yanarudisha drafti kama ilivyo mbele?

MtotoWaMakorora
Shikamoo mama. Nashukuru mno.
Sufu tupu. Chini haijapindwa, ni ukingo wa kitambaa. Na nyuma kila rinda lina mstari mweupe katikati, yote 27. Sikuwahi kuliona hilo mpaka uliponiuliza!

BiShangazi_Leith
Marahaba mwanangu. Basi una bahati mara tatu.

Sufu tupu inasamehe. Ingekuwa ile ya poliesta na viskosi, huo mng'ao ungekuwa umeyeyuka na habari imekwisha. Ukingo usiopindwa ndio wa kilti ya fundi wa kweli, maana yake huna donge la pindo la kuacha alama chini ya pasi. Na kuhusu mstari: kuna namna mbili za kukunja kilti. Moja ni kukunja ili drafti ijirudie yote, hivyo ndivyo wengi wanavyotaka kwa harusi. Nyingine ni kufuata mstari mmoja, kila rinda linachagua mstari ule ule. Ni namna ya kijeshi, na bendi nyingi zinaipenda kwa sababu mkipiga hatua marinda yakicheza rangi inawaka na kuzima. Kwako wewe uzuri wake ni kwamba huo mstari mweupe ndio rula yako. Ukiwa katikati ya rinda kuanzia nyongani mpaka chini bila kuyumba, rinda liko mahali pake. Ukikimbia upande, limepotea.

Sasa kazi.

Kwanza ua mistari ya uongo. Fungua rinda, lilaze kwa upande wa ndani, weka kitambaa chenye unyevu juu ya mstari ulioutia wewe, pasi kwenye moto wa sufu, gusa na unyanyue. Usiburute. Mvuke ukipanda piga kwa brashi ya nguo. Mstari wa zamani usiuguse, huo ulitiwa na aliyeshona na ndio unaokuonyesha njia. Usitafute ufutike kabisa kwa raundi hii, ukifa nusu unatosha.

Pili, bandi. Tafuta meza kubwa, si ubao wa pasi. Ubao ni mwembamba, kilti ina uzito, upande unaoning'inia unavuta marinda uliyokwisha kuyapanga na utarudia mpaka ulie. Tandika blanketi, juu yake shuka nyeupe. Laza kilti uso juu, panga marinda kuanzia pale ushonaji wa nyuma unapoishia, yaani nyongani, ukishuka chini. Uzi uwe wa pamba, mweupe kama drafti ni ya giza. Usitumie uzi wa poliesta: ukiuvuta haukatiki, unakata sufu. Ukipata hariri ndiyo bora, haiachi alama, ila usijitese kuitafuta.

Mshono wenyewe ni mkubwa na wa mshazari. Chukua ukingo wa rinda, pitisha sindano mpaka rinda la chini yake, nenda la pili. Kila rinda lishikwe mara moja kwa mstari. Piga mistari mitatu: mmoja sentimita 3 juu ya ukingo wa chini, mmoja katikati, mmoja chini kidogo ya nyonga. Usikaze. Ukikaza kitambaa kitajikunyata na pasi itafunga hayo makunyanzi pia.

Nikiandika hapa inaonekana rahisi. Kilti yangu ya kwanza pale karakana nilifumua mara nne, na yule bibi aliyenifundisha hakusema neno, alikuwa anavuta uzi tu na kunirudishia sindano.

Pasi nitakuambia ukishamaliza bandi. Najua nikikuambia sasa hivi utaruka.

Kobe_Mpole
Mama kamjua mtu wa Tanga ndani ya dakika kumi.

FundiCharahani
Bi Shangazi, kwa heshima zote, sabuni imekosa nini? Suruali ngapi Kariakoo zina mstari wa sabuni na wenyewe wanapendeza?

BiShangazi_Leith
Fundi mwenzangu, sikatai. Kwa suruali ya ofisini, kwenye mji mkavu, sabuni inasaidia. Lakini huyu anasimama uwanjani Uskoti. Mvua ikija, ile sabuni ndani ya marinda 27 inalainika, inakuwa utelezi na kushika vumbi, na kwenye kijani cha giza inatoa weupe. Halafu wewe na mimi hatushiki kitambaa kimoja. Sketi za shule ni tetroni, siyo?

FundiCharahani
Tetroni, ndiyo.

BiShangazi_Leith
Basi. Tetroni ni plastiki. Ukiipiga moto wa kutosha mara moja rinda linakaa hata ukiifua kila siku, ndiyo maana watoto wanatoka muhula mzima na sketi moja. Sufu haikupi ahadi hiyo. Kila ikinywa maji inasahau kidogo.

FundiCharahani
Hapo umenipata. Siki je? Mzee aliyenifunza kazi alikuwa anatia siki kwenye maji ya pasi.

BiShangazi_Leith
Siki naikubali. Sehemu moja ya siki nyeupe, sehemu tisa za maji, ujaribu kwanza kwenye pembe ya ndani isiyoonekana kuona kama rangi inatoka. Wengine hapa wanachanganya nusu kwa nusu, mimi naona ni kutaka kunukia kachumbari. Inasaidia pia kwenye huo mng'ao wako, Makorora. Mng'ao ni vinyweleo vimelazwa na chuma. Loanisha kwa siki hiyo, mvuke, brashi dhidi ya ulalo. Kama vimelala vitaamka. Kama vimeungua, basi, hiyo itabaki na wewe utaivaa hivyo hivyo.

Said_Muscat
Salamu kutoka Muscat. Nimefurahi kuona mada hii. Bendi za kijeshi za hapa Oman zina wapiga begipaipu hodari, wengine wanazipiga wakiwa juu ya ngamia, na wameshapiga mpaka kwenye onyesho la kijeshi la Edinburgh. Mimi si mwanabendi, ni mpiga pasi wa kanzu na dishdasha tu. Sisi huku bila wanga nguo haijavaliwa. Kilti haitiwi wanga?

BiShangazi_Leith
Haitiwi, ndugu Said. Wanga ni wa pamba. Kwenye sufu unakaa juu juu, ukivunjika mkunjo unatoa unga. Kilti inasimama kwa uzito wake. Ndiyo maana nzito, za gramu 500 hivi kwa mita, ni rahisi kutunza kuliko nyepesi. Watalii wananunua nyepesi wakidhani wamepunguza taabu.

MtotoWaMakorora
Jumanne, saa tano usiku. Ripoti.

Mistari yangu ya uongo imefifia, si yote. Bandi nimeanza saa mbili kasoro. Mstari wa kwanza nimeshona na uzi wa poliesta kabla sijakumbuka, nikafumua. Wa pili nimefika rinda la 19 nikagundua kwamba la 6 limeruka, mstari mweupe umekwenda kushoto na yote yaliyofuata yameifuata njia yake. Nikafumua. Sasa hivi nina mistari miwili iliyokaa sawa. Mgongo unauma. Nilikuwa nadhani kushona ni kazi ya kukaa.

Lakini mama, nimeitundika mara moja kuiangalia na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili inafanana na kilti.

FundiCharahani
Karibu kwenye ufundi. Hapo bado hujadaiwa na mteja.

Mwanahistoria wa Mtaa
Wakati tunasubiri pasi, niwape kisa. Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 mpaka 1918, wanajeshi wa vikosi vya Uskoti waliingia kwenye mahandaki ya Ufaransa na kilti zao. Juu yake walivaa aproni ya kaki ili drafti isionekane na adui. Adui hakuwa tatizo pekee. Chawa walipata makao kwenye marinda: joto, giza, mikunjo mirefu. Askari wakipata mapumziko walikuwa wanapitisha mshumaa au pasi ya moto kwenye mikunjo kuwaunguza. Kilti ziliondolewa rasmi kwenye mapigano mwanzoni mwa Vita vya Pili, ingawa wapo waliozivaa vitani mpaka 1940.

Kobe_Mpole
Kumbe chawa wameanza kukaa karibu na wakubwa zamani hivyo.

MzeeWaKirumba
Kobe wewe utafungiwa siku moja.

BiShangazi_Leith
Kisa cha chawa ni kweli, na siku hizi adui ni nondo. Nitasema maneno machache kisha turudi kazini. Anayekula si yule kipepeo mdogo wa rangi ya majani makavu, ni mtoto wake, kiwavi mweupe. Anapenda sufu yenye jasho na mabaki ya chakula kuliko sufu safi. Watu wananiandikia "nimeweka karafuu kabatini". Karafuu na lavenda zinanukia vizuri, lakini kiwavi aliyekwisha kuingia hazimuui. Ukimshuku, funga kilti ndani ya mfuko usiopitisha hewa, tia kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ikitoka iache mfuko ukiwa umefungwa mpaka irudie joto la chumba, isije ikatoa jasho.

Haya, pasi. Makorora umemaliza mstari wa tatu?

MtotoWaMakorora
Jumatano asubuhi kabla ya zamu, nimemaliza. Marinda 27, mistari mitatu, namba 6 nimeitazama kwa jicho la pekee.

BiShangazi_Leith
Hongera. Soma taratibu.

Kitambaa cha kuwekea juu: pamba tupu, isiyo na rangi. Kwetu ningesema amerikani iliyofuliwa mpaka ikalainika. Hapo ulipo tumia foronya kuukuu nyeupe. Mtu asichukue kanga, hasa mpya, ile rangi itahamia kwenye kilti na utakuwa umevaa methali makalioni.

Loweka kitambaa, kamua mpaka kisidondoke. Tandaza juu ya marinda matano au sita. Pasi moto wa sufu. Shusha, kandamiza kwa uzito wa mwili, hesabu kumi polepole, nyanyua juu kabisa, weka pembeni yake. Shusha. Huburuti hata kidogo, ukiburuta unasukuma rinda la juu lipande la jirani yake na bandi yote imekuwa bure.

Sasa siri ya fundi, ambayo watu wengi hawana habari nayo. Ukinyanyua pasi, mvuke bado umo ndani ya sufu. Ondoa kitambaa haraka, chukua kibao cha mbao kikavu, hata kile cha kukatia mboga ilimradi ni safi na hakinuki kitunguu, kilaze juu ya marinda hayo na ukikandamize mpaka yapoe. Mbao inanyonya mvuke na kuzuia joto lisiruke. Rinda linafungwa wakati wa kupoa, si wakati wa moto. Hapa ndipo utaona ukingo unakuwa mkali.

Usisogeze kilti kabla sehemu hiyo haijapoa. Ukimaliza uso, igeuze, piga na kwa ndani vile vile. Pale juu ya nyonga, kwenye marinda yaliyoshonwa, pita kwa mvuke tu. Ndani yake mna kanvasi na mishono mingi, ukikandamiza itachapa alama kwa nje. Mikanda ya ngozi na bizimu zake zikunje pembeni, ngozi na mvuke hawapatani.

Halafu iache mezani usiku kucha. Kesho yake ndipo uitundike, bado na bandi yake, mpaka Jumamosi asubuhi. Hanga yenye klipu, ukibana kiunoni. Usiikunje juu ya waya.

Nesi_Kisumu
Naomba kuuliza la pembeni. Mume wangu ana ya kukodi ya harusi ya rafiki yake mwezi ujao, tunasafiri kwa treni. Inaingiaje kwenye begi bila kuharibika?

BiShangazi_Leith
Usiikunje, dada, izungushe. Ilaze kitandani, marinda yamepangwa, uanze kuviringisha kutoka upande mmoja wa mbele kwenda mwingine, marinda yakiwa sambamba na mviringo. Inakuwa kama mkeka uliokunjwa, urefu wake sentimita 60 na kidogo. Kisha ivalishe mguu wa soksi ndefu ya nailoni ya kike uliyoichoka, umekata ncha. Inaishika kila mahali bila kuibana. Na mwambie akikaa apitishe kiganja nyuma kulaza marinda, kama wewe unavyofanya na gauni. Wanaume wanakaa kama wamerusha gunia. Na ile pini ya chini ishike kitambaa cha juu tu, akiibana na cha ndani siku ataruka dansi kitachanika.

Nesi_Kisumu
Asante sana. La gunia nitamsomea usiku huu.

MtotoWaMakorora
Alhamisi. Jana jioni nimepiga pasi. Nilipoondoa kibao mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu. Ukingo wa rinda unaweza kukata ndimu.

Mng'ao umepungua kwa kama robo tatu, kipo kipande kidogo cha ukubwa wa sarafu kimegoma. Namba 6 bado inanitazama kwa dharau, lakini mtu akiwa hatua tatu nyuma haioni. Mwenzangu wa nyumba ameuliza kwa nini foronya yake inanuka siki. Sikumjibu.

Swali: Jumamosi mvua imetabiriwa tena. Nifanyeje ikilowa?

BiShangazi_Leith
Ikilowa, ikung'ute ukiwa umeishika kiunoni, itundike kwa klipu mahali penye hewa, laza marinda kwa mkono moja moja yangali na maji, uondoke. Mbali na hita. Mbali na jua la dirishani. Matope usiyasugue, yaache yakauke kisha uyapige brashi. Kilti nzito ikikaushwa hivyo mara nyingi haihitaji pasi kabisa. Mimi nina wateja ambao zao hazijaguswa na pasi miaka, na zinapendeza kuliko za wale wanaozipiga kila wiki.

Na usisahau kuondoa bandi. Usicheke, kila mwaka namwona bwana harusi mmoja au wawili amepiga picha zote na uzi mweupe umezunguka nyuma. Kilti mpya pia huja na bandi ya fundi, wengine wanadhani ni urembo. Kata vipande vifupi, vuta kimoja kimoja, usivute uzi wote kwa mkupuo. Ukimaliza pita juu na mvuke kidogo bila kugusa, alama za uzi zitafutika.

Kobe_Mpole
Jumamosi jioni. Wapi mtoa mada? Kahawa yangu ya tano hii.

MtotoWaMakorora
Nimerudi wakuu. Mvua haikunyesha, ajabu. Bendi saba, tumeshika nafasi ya nne, ngoma kubwa haikukosea (hilo nalisema mwenyewe).

Kabla ya kuingia uwanjani kiongozi wa zumari alipita nyuma ya mstari kukagua. Akafika kwangu, akasimama. Moyo ukaanza kupiga kuliko ngoma. Nikajua ni ule mng'ao, au namba 6. Akainama, nikasikia kitu kinavutwa polepole. Akaja mbele akanifungua kiganja, akaniwekea uzi mweupe wa pamba, urefu wa mkono mzima. Hakusema kitu. Akaendelea na mtu wa pili.

FundiCharahani
Hahaha! Mstari upi?

MtotoWaMakorora
Wa juu, ule wa nyongani. Koti liliufunika, nikajua nimemaliza.

BiShangazi_Leith
Ulipiga mistari mitatu, ulitakiwa kuhesabu nyuzi tatu kwenye pipa la taka. Lakini kama alikagua na akaona uzi tu, basi marinda alikuwa hana la kusema.

MtotoWaMakorora
Ahsante mama, Mungu akuweke. Sasa kuna jambo moja. Wakati wa kupongezana kuna mtu amenimwagia bia nyeusi, mbele kwenye kile kipande bapa. Nafanyaje?

BiShangazi_Leith
Maji baridi, taulo nyeupe, gonga usisugue, anza pembeni uje katikati. Itundike. Na wewe na hiyo hita yako mkae mbalimbali.